Toleo Jipya la Dungeons & Dragons Mezani Kwetu Sinza

Kitabu cha mchezaji cha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika wa kubuni, kilichotoka mwaka 2024 kikiwa na kurasa 384, kimewagawa wachezaji wenzangu wa Sinza. Mimi nakiunga mkono, hasa kwa kanuni ya umahiri wa silaha, inayomwezesha mpiganaji kumwangusha adui au kumsukuma nyuma badala ya kupiga tu zamu baada ya zamu. Nyongeza za uwezo wa mhusika sasa zinatokana na maisha aliyoyapitia, si jamii ya viumbe wa kubuni aliyozaliwa, na hilo ni la haki kabisa. Wenye kitabu cha mwaka 2014 wanalalamikia gharama ya kuagiza kingine kutoka nje, nami nawaelewa. Askari wa porini (ranger), mmoja wa aina za wahusika, kwa bahati mbaya, bado anategemea mno uchawi mmoja wa kumwekea windo alama.