Onibaba (1964): nimeiangalia mara mbili, zile nyasi bado nazisikia

Jamani hii muvi nimeikodi mtandaoni, mara ya kwanza nikaiangalia kwenye simu nikiwa ndani ya daladala, kosa kubwa, maana nusu ya hadithi ipo kwenye nyasi na kioo kidogo kinazimeza. Mara ya pili laptopu, usiku, taa nimezima, hedifoni masikioni, hapo ndo nikaielewa. Maandishi ya tafsiri yalikuwa yanachelewa kidogo ila nikavumilia.

Ni ya mwongozaji Kaneto Shindo, nyeusi na nyeupe, Japani ya karne ya 14, vita kila kona. Mama mkwe na mkamwana wake wanaishi katikati ya nyasi zinazompita mtu kimo, kijana wao kachukuliwa vitani, basi samurai wakipotea mle wanawaua, miili wanaitupa kwenye shimo, silaha na mavazi ya vita wanabadilishana na mtama. Wanakula kimya. Ile milo ilinitisha kuliko kuua kwenyewe.

Sasa mkamwana anaanza kutoroka usiku kwenda kwa Hachi, jirani yao aliyerudi kutoka vitani, na wengi watakwambia bibi, yaani huyo mama mkwe, ana wivu. Wivu upo, kuna sehemu anakumbatia mti mkavu usio na jani hata moja nikasimamisha video kwanza, maana mti ule ni yeye mwenyewe. Ila msikilize anavyomwomba Hachi asimchukue binti, peke yake hawezi kuua! Yaani ule ukali wa mama mkwe tunaoujua sote, hapa chini yake kuna njaa. Wapo wanaosema lile shimo ni tumbo la uzazi, mi naona ni tumbo kweli lakini la kula, halishibi. Nyasi nazo zinawaficha wakiua, halafu hizohizo zinamfungulia binti njia akikimbilia kwa mtu wake huku ngoma za Hikaru Hayashi, mtunzi wa muziki wa muvi, zinapiga, na bibi akitaka kumzuia inabidi avae kinyago cha shetani alichomvua samurai, hata kitisho chenyewe kakitoa kwa mwanaume.

Kwangu nyota tano, ila usiangalie na watoto, miili iko wazi sana.

(Mwisho nausema, kama hujaiona ishia hapa.) Bibi anakimbia gizani uso umeharibika kwa kile kinyago, analia kwamba yeye ni binadamu, anaruka lile shimo na muvi inakatika akiwa hewani. Nimerudisha nyuma mara nne, kila mara namwombea avuke.