Mkono Begani: Uchambuzi wa Filamu Brief Encounter ya Mwaka 1945

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo ninayo filamu moja tu ya kuzungumza nanyi, nayo ni Brief Encounter, iliyoongozwa na David Lean nchini Uingereza na kutoka mwaka 1945. Ni filamu ya dakika 86, ya picha nyeusi na nyeupe, isiyo na bunduki wala fumanizi wala vilio vya kuangusha nyumba, na hata hivyo nimeitazama mara tatu katika mwezi huu kwa sababu kila nilipoimaliza nilijikuta nina neno jipya la kusema juu yake. Nitaeleza kisa chote pamoja na mwisho wake. Asiyependa kuujua mwisho mapema aisimamishe video hapa, akaitazame kwanza, kisha arudi tuendelee.

Laura Jesson, anayeigizwa na Celia Johnson, ni mke wa Fred na mama wa watoto wawili, Bobby na Margaret. Kila Alhamisi hupanda treni kwenda Milford, mji mdogo wa kubuniwa, akanunua mahitaji ya nyumbani, akabadilisha kitabu cha kuazima, akala chakula cha mchana mgahawani, na mara nyingi akamalizia siku kwenye sinema kabla ya kurudi. Jioni moja akiwa stesheni, chembe ya vumbi kutoka kwenye treni inamwingia jichoni, na daktari mmoja aliyekuwa akisubiri treni yake, Alec Harvey, anaitoa kwa ncha ya leso. Alec, anayeigizwa na Trevor Howard, naye ana mke na wana wawili. Wanakutana tena kwa bahati, kisha kwa makusudi, Alhamisi baada ya Alhamisi, mpaka wanapotambua kwamba wanapendana na kwamba hawana pa kulipeleka pendo hilo. Mwishoni Alec anakubali kazi katika hospitali ya Johannesburg, Afrika Kusini, na wanaagana moja kwa moja. Hicho ndicho kisa, na ukikisimulia hivyo kinaonekana chepesi.

Uzito wake umo katika namna kinavyosimuliwa. Tunapomsikia Laura akieleza yaliyotokea, yeye ameketi sebuleni kwake usiku, mumewe yupo kwenye kiti cha jirani akijaza fumbo la maneno gazetini, na maneno yote tunayoyasikia anamwambia mumewe huyo moyoni, bila kufungua kinywa. Anajua kwamba Fred ndiye mtu mwenye busara na huruma ya kutosha kumwelewa, na anajua vilevile kwamba katika dunia nzima Fred ndiye pekee asiyeweza kuambiwa kamwe. Kwa lugha yetu, Laura hana msiri. Mwanamke wa pwani aliyelelewa kwa mila ana somo wake, au ana shoga wa tangu utotoni ambaye anaweza kumwekea mzigo wa moyo wake na ukabaki hapo ulipowekwa. Laura anaye Dolly Messiter, jirani mwenye maneno mengi, ambaye ndani ya treni anamkaribia, anamsemesha bila kukoma, na Laura anamtazama usoni akitamani laiti angekuwa rafiki wa kuaminika. Ninaamini jambo hili ndilo kiini cha filamu, kuliko hata mapenzi yenyewe, kwa kuwa kumkosa mpenzi ni msiba ambao watu wengi wamewahi kuubeba, lakini kuubeba msiba usioruhusiwa kuwa na matanga, huku ukiulizwa kama watoto wamelala, ni adhabu ya namna nyingine kabisa.

Naomba niwaonyeshe mahali pawili kwa karibu, maana hapo ndipo utakapoujua ufundi wa David Lean.

Pa kwanza ni mkono. Filamu inaanza na kuagana kwao kwa mwisho, lakini sisi hatujui kwamba ni kuagana. Kamera inawafuata kwanza wafanyakazi wa stesheni wakitaniana kwenye kaunta ya chai, na nyuma kabisa, kwenye meza ya pembeni, tunawaona mwanamume na mwanamke wasiotuhusu. Dolly anaingia, anamtambua Laura, anajikaribisha mezani na kuanza kuongea. Treni ya yule mwanamume inatangazwa. Anasimama, anauweka mkono wake begani kwa mwanamke, anaubana kidogo, anaondoka. Mtazamaji haoni kitu. Baada ya zaidi ya saa moja tunarudishwa kwenye meza ileile, Dolly yuleyule anaingia, na sasa tunajua kwamba zile zilikuwa dakika za mwisho ambazo watu wale wangekuwa pamoja katika maisha yao, kwamba walikuwa na maneno ya mwisho waliyotaka kuambiana, na kwamba mwanamke mwenye vifurushi vya madukani, asiye na nia mbaya hata chembe, ameyazima yote kwa salamu. Hawawezi kukumbatiana, hawawezi kushikana mikono kwa namna itakayozua maswali, hivyo kinachobaki ni vidole vinne juu ya koti. Sijaona busu lolote kwenye sinema lililonigusa kama vidole vile.

Kisha, Dolly akiwa bado anazungumza, inasikika honi ya treni ya haraka ambayo haisimami pale. Picha inaanza kuinama upande, kama sakafu inavyoinama kwa mtu aliyeshikwa na kizunguzungu, na Laura anainuka ghafla na kukimbilia nje hadi ukingoni mwa reli. Taa za mabehewa zinampiga usoni moja baada ya nyingine, upepo unamtawanya nywele, halafu treni imeshapita na yeye bado amesimama. Baadaye anakiri moyoni, mbele ya mumewe asiyesikia, kwamba alikusudia kweli kujirusha. Mpiga picha wa filamu hii ni Robert Krasker, na ninawasihi mtazame anavyoutumia mwanga huo, maana uso wa Celia Johnson katika sekunde hizo hausemi neno hata moja na unaeleweka wote.

Pa pili ni dirisha la treni. Usiku ambao wamekiri kupendana, Laura yuko njiani kurudi kwake, na katika kioo cha dirisha anajiona akiyaishi maisha ambayo hakuyachagua: anacheza dansi chini ya mataa makubwa, yuko Paris kwenye opera, yuko Venice ndani ya mtumbwi, amesimama na Alec ufukoni chini ya minazi kwenye mbalamwezi. Halafu minazi ile inageuka taratibu kuwa mierebi iliyokatwa vichwa, ile iliyopandwa kando ya mfereji karibu na kwao, na anajua kwamba muda wa kushuka umefika. Mimi nimekulia mahali ambapo mnazi ni mti wa uani, wa kuangulia madafu na kusukia makuti, na nilipouona ukitumiwa kama alama ya maisha yasiyofikika nilinyamaza kwa muda mrefu. Ndoto ya Laura ilikuwa ua wa nyumba ya watu wengine, ambao huenda nao walikuwa wakiota treni, koti la sufu na mji wenye mvua. David Lean hakukusudia tuone hivyo, lakini kwa mtazamaji wa huku maana hiyo ipo na inaongeza uchungu.

Ninajua kuna wanaoitazama filamu hii na kuuliza kwa nini wale wawili hawakuondoka tu. Jibu lake halimo katika hofu ya watu peke yake, ingawa hofu hiyo ipo. Wajibu katika filamu hii una sura na majina. Siku Laura anaporudi kutoka kwenye sinema na Alec, anakuta Bobby amegongwa na gari, hakuumia sana, na yeye anaona kama ameadhibiwa. Siku anapomdanganya Fred kwa mara ya kwanza anampigia simu rafiki amtetee kwenye uongo huo, na anashangaa jinsi kudanganya kulivyo rahisi pale mtu anapokuamini kabisa, na jinsi urahisi huo unavyomdhalilisha aliyedanganya. Siku Alec anapompeleka kwenye fleti ya rafiki yake na mwenye fleti akarudi mapema, Laura anatokea ngazi za nyuma kama mwizi, anakimbia kwenye mvua mpaka pumzi zinamwishia, na anaketi kwenye benchi kuvuta sigara mpaka askari wa doria anamkaribia kumuuliza kama yuko salama. Hakuna aliyemhubiria Laura. Yeye mwenyewe ndiye aliyeona kwamba pendo lile, lililoanza likiwa safi, lilikuwa linamlazimisha kuwa mtu ambaye yeye mwenyewe hamheshimu.

Lakini filamu haimdharau Alec wala haifanyi pendo lao kuwa tamaa ya kupita. Kuna mahali anamweleza Laura juu ya magonjwa ya mapafu yanayotokana na kuvuta vumbi, vumbi la makaa na la mawe, na anapozungumza uso wake unachangamka hadi Laura anamwona kama kijana mdogo. Ni mtu mwenye kazi anayoipenda, na ni kazi hiyo inayomwondoa. Usawa huu ndio unaonifanya niipende: pendo ni la kweli, na kulikataa ni kwa kweli, na hakuna kimoja kinachoshushwa ili kingine kionekane kikubwa.

Kuhusu jinsi ilivyotengenezwa nitasema machache. Mswada umetokana na tamthilia fupi ya Noël Coward ya mwaka 1936, iitwayo Still Life, ambayo yote hufanyika ndani ya mgahawa wa stesheni. Stesheni halisi tunayoiona ni Carnforth, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na picha zilichukuliwa usiku mwanzoni mwa mwaka 1945, vita vikiwa bado havijamalizika. Palichaguliwa kwa kuwa palikuwa mbali na London, mahali ambapo taa zingeweza kuwashwa na bado ukapatikana muda wa kuzizima ndege za adui zikitangazwa. Muziki ni Konseto ya Pili ya piano ya mtunzi Sergei Rachmaninoff, yaani utungo wa piano ikisindikizwa na okestra, iliyopigwa na mpiga piano Eileen Joyce, na tafadhali zingatieni kwamba muziki huo unatoka kwenye redio ya sebuleni, na kwamba kuna wakati unapanda mpaka Fred anamwomba mkewe kwa upole apunguze sauti.

Zipo kasoro, na sitazificha. Wafanyakazi wa stesheni, Albert na Myrtle, wamewekwa watuchekeshe kwa lafudhi na tabia zao, ilhali mapenzi ya watu wa tabaka la juu yao ndiyo yanayopewa machozi na piano. Ninaliona jambo hilo kuwa ni upungufu wa haki, hasa kwa kuwa Myrtle ni mwanamke aliyewahi kumwacha mume na maisha yake yangestahili kusikilizwa kwa makini zaidi. Tena, yale mazungumzo ya Alec na mwenye fleti baada ya Laura kukimbia hayawezi kuwa katika simulizi la Laura, kwa kuwa hakuwepo. Na Kiingereza chao ni cha haraka na cha zamani. Nakala niliyoitazama ni diski ya Blu-ray yenye picha iliyosafishwa vizuri, lakini sauti ni ya mwaka 1945 na haina upana, kwa hiyo kama nakala yenu ina maandishi ya chini, yawasheni.

Sasa Fred. Mara ya kwanza nilimwona kama mume wa kawaida asiyeona kitu. Mapema kabisa anamuuliza mkewe neno linalokosekana katika mstari wa shairi la Keats, mshairi wa Kiingereza, kwenye fumbo lake, na Laura anamjibu bila kufikiri kwamba ni neno la mahaba. Mwishoni, muziki ukiwa umefika kileleni, Fred anaweka gazeti, anakuja kupiga magoti kando ya kiti chake, anamwambia kwamba ndoto aliyokuwa akiiota haikuwa ya furaha, anamuuliza kama kuna analoweza kumsaidia, kisha anamwambia kwamba alikuwa amekwenda mbali sana na anamshukuru kwa kumrudia. Je, alijua? Filamu haisemi. Mimi ninaamini alijua kiasi cha kutosha, akaamua kumsitiri mkewe kwa kutouliza, na kwa hiyo yule msiri ambaye Laura alimtafuta kwenye treni alikuwa ameketi mita mbili kutoka kwake usiku kucha.

Ninawashauri mwitazame mkiwa watulivu, ikiwezekana usiku, bila simu mkononi. Mkiimaliza, msiizime. Rudini mwanzo, mtazame tena zile dakika za kwanza za mgahawani, mwacheni Albert na Myrtle waongee, na macho yenu yawe kwenye ile meza ya pembeni, kabla Dolly hajafungua mlango.