NCo 376: maotea mazuri, kinga dhaifu dhidi ya fugwe

Aina hii ya muwa ilitolewa kwa wakulima wa Natal, Afrika Kusini, mwaka 1955. Wazazi wake, Co 421 na Co 312, walichavushwa Coimbatore, India, ndipo miche ikachambuliwa Natal. Jina lake limebeba herufi za kote kuwili.

Sifa yake kubwa ni kuchipua. Shina moja hutoa miwa mingi ya unene wa wastani, mistari hufunga mapema na kunyima magugu mwanga, na maotea, yaani miwa inayochipua tena baada ya kuvuna, hayachoki upesi. Kwa hilo bado inastahili heshima.

Tatizo ni fugwe, ugonjwa wa ukungu. Kwa kuwa miwa hupandwa kwa vipande, kila mmoja ni nakala ya mwenzake, hivyo udhaifu wa mmoja ni wa shamba zima. Kwanza utaona machipukizi membamba kama nyasi, kisha mjeledi mweusi kileleni. Utando wake ukipasuka, upepo hubeba vumbi la ukungu hadi kwenye macho ya miwa mizima. Vika mjeledi mfuko, funga, kata, halafu ng'oa shina lote na kulichoma. Ukikata mjeledi tu, shina litatoa mingine. Kagua kila baada ya wiki mbili.

Mbegu itoke kwenye miwa safi ya miezi 8 hadi 10, ikatwe vipande vya macho matatu. Vilowekwe kwenye maji ya nyuzi 50 za Selsiasi kwa muda wa saa 2. Hapo wengi hukosea: vipande vikiingia, maji hupoa, kwa hiyo anza kuhesabu muda joto likisharudi 50. Likipungua, bakteria wa udumavu wa maotea, ugonjwa unaodumaza miwa, hubaki hai. Likizidi, macho hufa. Baadaye chovya kwenye dawa ya ukungu, maana kipande kilichopashwa joto huoza kirahisi. Panga nalo lisafishwe kwa dawa, kwani udumavu huenea kwa makali yake na hauonekani kwa nje.

Mahali penye fugwe nyingi, NCo 376 haifai. Tafuta aina mpya iliyojaribiwa kwa kuchovya vipande kwenye vumbi la fugwe kabla ya kupanda. Dai matokeo ya maotea pia, maana huko ndiko mijeledi huongezeka.