Kalamu yenye taa ya bluu: yaliyonikuta nikinunua kishikwambi cha kuchorea mjini Mtwara

Kwa haki kabisa, kishikwambi chenyewe si kibaya, na nimeanza kuandika nikiwa na nia ya kukipa alama tatu kati ya tano. Kioo kinaonekana vizuri hata ukikaa barazani mchana, betri inavumilia umeme unapokatika, na sauti inamtosha mtu anayetaka kutazama tamthilia. Kampuni iliyokitengeneza siitaji, na duka nalo silitaji. Ugomvi wangu ni juu ya kalamu iliyouzwa pamoja nacho, na juu ya maneno niliyoambiwa na kijana wa dukani kuhusu kalamu hiyo, maneno ambayo kila nikiyakumbuka alama moja inadondoka.

Nieleze kwanza kazi ninayoifanya, maana bila hivyo hasira yangu itaonekana ya kupindukia. Ninachora picha za vitabu vya watoto, kadi za harusi na mara nyingine mabango ya vikundi vya ngoma. Kwa miaka mingi nimetumia karatasi na wino, kisha ninaupiga mchoro picha kwa simu na kuutuma, na mteja akitaka gauni la bibi harusi libadilishwe rangi, ninaanza upya. Kazi iliyonifanya nitafute kishikwambi ilikuwa michoro ya mapiko, ngoma ya Wamakonde ambayo mchezaji wake huvaa kinyago cha mbao kinachofunika kichwa, na vinyago vingi vya zamani vya aina hiyo vina chale usoni. Mstari wa chale, ninavyouchora mimi, huanza mnene na kuishia mwembamba. Ukichorwa kwa unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, uso wote unakufa. Kwa hiyo niliingia dukani nikiwa na swali moja tu: je, kalamu hii inahisi mkandamizo wa mkono?

Ulikuwa msimu wa malipo ya korosho, kipindi ambacho maduka ya simu mjini hujaa watu na wauzaji hawana subira. Kijana aliyenihudumia hakulijibu swali. Aliichomoa kalamu ya mfano, akaigusa kichwani, taa ndogo ya bluu ikawaka. “Unaona, anti? Hii inachajiwa kama simu. Si ile ya mpira.” Nilimwomba afungue programu yoyote ya kuchorea ili nipige mstari mmoja. Akasema boksi halifunguliwi kabla ya kulipa, na kwamba kishikwambi cha mfano kina nywila ambayo bosi peke yake anaijua. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza kwamba hata Procreate, programu maarufu ya kuchorea, nitaipakua na itakubali, kwa kuwa kifaa ni kipya. Kishikwambi hiki kinatumia Android, na Procreate haijawahi kutengenezwa kwa ajili ya Android. Ni programu ya vifaa vya Apple, na upya wa kifaa hauhusiani kabisa na jambo hilo. Ninalitaja mapema ili msomaji ajue ni ujasiri wa namna gani niliokuwa naukabili.

Nyumbani nilipakua Ibis Paint, nikachagua brashi ya wino ambayo unene wake hufuata mkandamizo, nikaigusisha kalamu kwa upole na kisha nikakandamiza. Mstari ulitoka na unene uleule. Nikakandamiza zaidi, hadi nikaanza kukionea kioo huruma, na hakuna kilichobadilika. Nilipolaza kiganja kama ninavyofanya kwenye karatasi, madoa ya rangi yalijitokeza chini ya mkono, na wakati mwingine ukurasa ulijikuza na kujipunguza wenyewe kwa sababu programu ilidhani nimegusa kwa vidole viwili. Kabla ya mvua kuanza, jasho la Mtwara halimwachi mtu kiganja kikavu, na unyevu huo ulizidisha balaa. Nilikata soksi ya zamani nikaivaa kama glavu, nikaacha wazi vidole vya kushikia kalamu. Ilisaidia kiasi, lakini soksi haiwezi kuipa kalamu kile ambacho haikuumbwa nacho.

Sababu yake ni rahisi, na ingeelezwa dukani kwa dakika moja. Kioo cha kugusa hutambua kidole kwa mabadiliko ya chaji ya umeme. Kalamu ya mpira huigiza kidole, na kalamu hii yenye taa nayo huigiza kidole, ila betri yake huiwezesha kufanya hivyo kwa ncha nyembamba. Kazi yote ya betri ni hiyo. Kishikwambi hakijui kwamba kuna kalamu. Kinachokiona ni mguso wa kidole, hakipewi habari yoyote ya mkandamizo, na hakina njia ya uhakika ya kuutenga mguso huo na wa kiganja. Dalili yake ni kwamba kalamu za namna hii hufanya kazi kwenye simu yoyote, bila kuunganishwa na chochote, jambo ambalo kijana alilitangaza kama sifa kubwa: “Hata kwenye simu yako inakubali, anti.”

Nilirudi dukani siku chache baadaye, asubuhi, nikiwa na boksi, risiti na kishikwambi kilichofunguliwa kwenye ukurasa wenye mistari yangu. Nilikwenda kwa utulivu. Nilimsalimu, akaitika, nikamwonyesha mstari, nikamweleza kwamba nilichouliza siku ile ndicho hiki, na kwamba niko tayari kuongeza fedha nibadilishiwe. Hakukitazama kioo. Alimtazama mteja mwingine aliyekuwa akisubiri kuwekewa kifuniko cha simu, akatabasamu, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote: “Anti, kalamu ni kalamu. Kama mkono haujui kuchora, mashine itakusaidia nini?”

Watu wakacheka. Nasema wazi kwamba kicheko kile ndicho kinachoandika maoni haya kuliko kalamu yenyewe. Siwalaumu waliocheka, kwa kuwa sentensi ilikuwa na mpangilio wa kuchekesha na asubuhi ilikuwa ndefu. Lakini nilikuwa nimesimama katika mji ambao uchongaji wa mpingo umelipeleka jina la Wamakonde hadi nje ya bara hili, na kijana aliyekulia humo ananiambia kwamba chombo hakina maana. Je, angethubutu kumwambia mzee anayechonga mpingo kwamba tezo ni tezo, na akiletewa butu asilalamike?

Nilipoomba kuzungumza na mwenye duka, mzee mmoja mpole aliyekuwa nyuma akihesabu fedha, alinisikiliza hadi mwisho, akasema “pole, mwanangu,” kisha akaweka kidole kwenye maandishi yaliyo chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nilimweleza kwamba mimi sikubadili mawazo. Niliambiwa jambo ambalo si kweli kabla ya kulipa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Akaniuliza kama nina ushahidi wa kilichosemwa. Ushahidi wangu ulikuwa taa ya bluu. Tukaachana hapo.

Sitaki kumwonea kijana. Kwake yeye, kama kwa watu wengi hapa, kishikwambi ni kifaa cha kujazia fomu: tulivizoea katika Sensa ya mwaka 2022, kisha vikagawiwa kwa walimu, na hakuna mtu aliyeuliza kama vinaweza kuchora chale. Hata Apple, ambayo vifaa vyake huuzwa kwa bei ya kutisha, ilitoa mwaka 2023 kalamu ya bei nafuu yenye mlango wa USB-C isiyohisi mkandamizo kabisa, ilhali kalamu yake ya kwanza ya mwaka 2015 ilikuwa inauhisi. Kama kampuni kubwa namna ile inaweza kuuza kalamu ya hivyo, muuzaji wa Mtwara atajuaje? Kwa mtazamo huo alama tatu zinasimama, na pengine ningekuwa mkarimu zaidi.

Lakini hapana. Apple ilisema wazi kwamba kalamu ile haina uwezo huo, na anayeinunua anaweza kusoma kabla ya kutoa fedha. Mimi niliuliza kwa mdomo wangu, kwa Kiswahili, nikaonyeshwa taa. Kutojua nakusamehe. Kujifanya unajua, ukachukua fedha, kisha ukamgeuza mteja kuwa kichekesho mbele ya watu, sikusamehe, na hapo alama tatu zimekuwa moja. Hata uzuri wa kioo nilioutaja mwanzoni nauona sasa kuwa wa kawaida tu. Vioo vingi siku hizi vinang'aa.

Baadaye mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam alinitafutia Galaxy Tab S6 Lite iliyotumika, akaiweka kwenye basi, ikasafiri zaidi ya kilomita 550 ikiwa imefungwa ndani ya kanga. Toleo hilo la Samsung lilitoka mwaka 2020 likiwa na kalamu yake ndani ya boksi, nayo ni ya aina nyingine kabisa. Teknolojia yake ni ya Wacom, kampuni ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1983: chini ya kioo kuna bodi inayotoa uga wa sumaku-umeme, na ndani ya kalamu kuna koili inayoupokea na kuujibu, hivyo kalamu inapata nguvu kutoka kwenye kishikwambi chenyewe na haihitaji betri ili ichore. Haina taa. Haina mlango wa chaji. Ingewekwa kwenye kaunta ya kijana yule, angeiita ya kienyeji. Niliigusisha kwenye kioo, nikapiga chale moja kwenye shavu la kinyago, ikaanza nene na kuishia nyembamba kama nilivyokusudia, na nakiri kwamba nilimwita jirani aje aione, ingawa yeye aliona mstari tu.

Haina ukamilifu hata hivyo. Ukichora mstari wa mshazari polepole sana, unatetemeka kidogo, na ncha za kalamu huliwa na kioo, hasa ukibandika plastiki ya kukwaruza inayofanana na karatasi. Ncha za akiba sijazipata Mtwara wala Lindi, kwa hiyo nazo zinasubiri basi. Kwa programu ninatumia zaidi Krita, ambayo ni ya bure na haikuzuii kutumia brashi zake zozote. Kwenye kioo kidogo vitufe vyake vinabanana, nami nimevizoea.

Anayekwenda kununua akiwa na kazi kama yangu asiulize idadi ya viwango vya mkandamizo, kwa sababu muuzaji atamtajia namba yoyote iliyoandikwa kwenye boksi. Ashike kalamu na kudai programu ifunguliwe. Apige mstari mmoja akianza kwa upole na kumaliza kwa nguvu. Kama haukunenepa, amrudishie mwenyewe. Alaze kiganja chote juu ya kioo na kuchora hivyo hivyo. Aweke rula na kuivuta kalamu pembeni mwake taratibu, atazame kama mstari unayumba. Aisogeze ncha karibu na kioo bila kugusa, kwa maana kalamu nyingi za kweli huonyesha alama ndogo kabla hazijagusa. Na akiambiwa kwamba inafanya kazi kwenye simu zote, hiyo peke yake inatosha kumrudisha nyumbani na fedha zake.

Kile kishikwambi cha kwanza sasa kinatumiwa na mwanangu wa darasa la pili, pamoja na kalamu yake, na kusema kweli vinamfaa kuliko nilivyotaka kukubali. Anachora samaki na majahazi ya Mikindani kwa mistari minene isiyobadilika, taa ya bluu inamfurahisha, na kiganja chake kidogo hakifiki kwenye kioo. Kwa mtoto ningemshauri mzazi anunue, tena bila kusita, mradi asiulizwe maswali ya kitaalamu na mtu wa dukani wala yeye asimuulize.

Vifuniko vya kioo vya ukubwa ule vinapatikana kwenye duka lile tu, na cha kwanza kimeshapasuka, kwa hiyo wiki hii nimepita tena kununua kingine. Kijana alinihudumia vizuri, akakibandika bila mapovu, akaniuliza kama nahitaji na kalamu, anti, maana zimeingia mpya zenye taa ya kijani.