Kozi ya Yale kuhusu furaha: inapofundisha vyema na inapopungukiwa

Nilijiandikisha katika The Science of Well-Being, kozi ya Chuo Kikuu cha Yale inayopatikana kupitia Coursera, tovuti ya kozi za mtandaoni, wiki chache baada ya kupata cheo nilichokitamani kwa miaka mingi, kwa kuwa furaha ya cheo hicho ilinyauka kabla sijazoea hata kiti kipya. Mwalimu wake, mwanasaikolojia Laurie Santos, alianza kulifundisha somo hili darasani mwaka 2018, na wanafunzi wapatao 1,200, karibu robo ya wanafunzi wote wa shahada ya kwanza chuoni hapo, wakajiandikisha. Hao ni vijana waliokwisha kupata kile ambacho wazazi wengi hukiita mafanikio, na bado walikuja kuuliza furaha iko wapi.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni ile inayochambua mambo tunayoyakimbilia, yaani alama za juu, kazi nzuri, pesa na vitu vya fahari. Santos hayabezi, bali anaonyesha jinsi akili inavyokosea kuyakadiria. Kosa la kwanza ni kusahau kwamba tunazoea. Utafiti wa mwaka 1978 uliwalinganisha washindi 22 wa bahati nasibu na watu wa maeneo yao ambao hawakushinda, ukakuta kwamba washindi hawakuwazidi wenzao kwa furaha, na kwamba raha ndogo za kila siku, kama kuzungumza na rafiki, ziliwaburudisha kidogo kuliko wenzao. Kosa la pili ni kujipima kwa wengine. Katika Olimpiki ya Barcelona ya mwaka 1992, wanamichezo waliopata nishani ya shaba walionekana wenye furaha kuliko wa nishani ya fedha, na maelezo ya watafiti ni kwamba wa pili huitazama dhahabu iliyomponyoka, ilhali wa tatu humwazia aliyeondoka mikono mitupu. Hapo nilisimamisha video, maana siku niliyopewa cheo, jambo la kwanza nililotaka kujua ni mshahara wa mwenzangu.

Mazoezi ya kila wiki ni mepesi: shukrani, wema, usingizi wa kutosha, kutafakari kwa utulivu. Mwishoni mshiriki huchagua moja na kulishikilia kwa wiki nne. Nilichagua shukrani, nami ninaendelea nalo.

Upungufu wa kozi hii, kwa maoni yangu, uko kwenye pesa. Ilirekodiwa wakati utafiti wa mwanasaikolojia Daniel Kahneman na mwanauchumi Angus Deaton wa mwaka 2010 ulipokuwa ukitajwa sana, ule uliosema kwamba kwa Wamarekani hisia njema haziongezeki kipato kikishavuka takriban dola 75,000 kwa mwaka. Mwaka 2021 mtafiti Matthew Killingsworth alikuta zinaendelea kupanda, na mwaka 2023 yeye na Kahneman walichapisha pamoja kwamba kikomo hicho huonekana kwa watu wasio na furaha zaidi, si kwa walio wengi. Anayehangaikia kodi ya nyumba asihitimishe, baada ya kuzitazama video hizi, kwamba kutafuta kipato ni kupoteza muda.

Ninaipendekeza hasa kwa mtu aliyefika alikotaka kufika akakuta pamepoa. Aliyelemewa na sonona aanze kwa daktari, kwa sababu kozi hii haikuandaliwa iwe tiba.