Tathmini ya Kozi ya Video Kuhusu Norma Zenye Uzani

Kozi hii ya mtandaoni yenye mihadhara 12 inashughulikia swali moja: tukipima funksheni kwa uzani w (funksheni chanya inayozipa sehemu mbalimbali uzito tofauti) badala ya kipimo cha kawaida, je, opereta za integrali singula (ambazo kiini chake hupaa bila kikomo kwenye nukta moja), kama vile transfomu ya Hilbert, bado zina mpaka, yaani norma (ukubwa) ya tokeo haizidi ile ya funksheni ya awali mara namba isiyobadilika? Nimeifuata hadi mwisho nikiwa na kalamu mkononi, na naona inamfaa mtu aliyekwisha kuizoea integrali ya Lebesgue.

Historia inapitiwa haraka, na inatosha. Muckenhoupt alitoa sharti la Aₚ kwa opereta ya upeo (inayochukua wastani mkubwa kabisa wa funksheni kuzunguka kila nukta) mwaka 1972; p ni kipeo cha norma, na sharti linadai kwamba wastani wa w, mara wastani wa w yenye kipeo −1/(p−1) uliopandishwa kwa p−1, usizidi namba moja maalumu kwa vipande vyote. Mwaka uliofuata yeye, Hunt na Wheeden walionyesha kwamba sharti hilohilo ndilo linalohitajika kwa transfomu ya Hilbert. Kisha Coifman na Charles Fefferman wakalifikisha kwenye integrali singula kwa upana mwaka 1974.

Uzuri wa ufundishaji unaonekana katika mfano wa w(x) = |x|ᵃ kwa p = 2. Mwalimu anachukua kipande cha mstari kutoka 0 hadi r, anapata wastani wa uzani kuwa rᵃ/(1+a) na wastani wa 1/w kuwa r⁻ᵃ/(1−a), kisha anazidisha: r inafutika na kubaki 1/(1−a²). Kwa hesabu ya mistari mitatu mtu anajionea kwa nini a haina budi kuwa kati ya −1 na 1, na jinsi kipimo cha A₂ (thamani kubwa kabisa ya zao hilo kwa vipande vyote) kinavyopaa bila kikomo a inapokaribia mojawapo ya ncha hizo. Sijawahi kufafanuliwa sharti hili vizuri kiasi hicho.

Mhadhara wa nne, kwa bahati mbaya, umeharakishwa. Katika maandishi yanayoambatana nao kipeo cha uzani wa pili katika sharti la Aₚ kimeandikwa −1/p badala ya −1/(p−1), kosa lililonigharimu jioni mbili, na ingawa niliwaandikia watayarishaji, bado halijasahihishwa.

Moyo wa kozi ni mihadhara ya 8 hadi 10, inayothibitisha thiorema ya A₂ ya Hytönen, iliyochapishwa mwaka 2012, kwamba kwa p = 2 norma ya opereta haikui kwa kasi kuliko kipimo cha A₂ chenyewe. Njia iliyofuatwa ni ile ya opereta tawanyifu, ambayo Lerner aliitumia kufupisha uthibitisho: integrali singula inadhibitiwa na jumla ya wastani juu ya michemraba iliyochaguliwa hivi kwamba kila mmoja una sehemu yake, isiyopungua nusu ya ujazo wake, isiyogusana na sehemu za mingine. Baada ya hapo w na 1/w zinazidishwa na kutoa 1, kutolingana kwa Cauchy na Schwarz kunatumika mara moja, na kazi imekwisha. Niliusimamisha mkanda hapo, nikauandika upya uthibitisho wote bila kutazama, nao ukaenea kwenye ukurasa mmoja.

Mihadhara miwili ya mwisho ni mazoezi mazuri, lakini hayana majibu. Mwenye haraka anaweza kuanzia mhadhara wa 7, mradi awe ameukokotoa kwanza mfano wa |x|ᵃ kwa mkono wake.