Uzamili wa Usalama wa Mtandao Jijini Kampala: Maabara Ndiyo Iliyonifaa

Nilijiunga na shahada ya uzamili ya usalama wa mtandao katika chuo kikuu kimoja cha Kampala nikiwa nimesimamia kompyuta za SACCO yetu (chama cha akiba na mikopo) kwa miaka sita, na nilichokitafuta kilikuwa jambo moja: kujua la kufanya siku ambayo salio la mwanachama litaguswa na mtu asiyehusika. Masomo yalinipa jibu hilo kwa kina nisichokitarajia, ingawa yalinichukua miaka mitatu badala ya miwili niliyoahidiwa.

Somo lenye thamani kubwa kuliko yote ni uchunguzi wa ushahidi wa kidijitali. Katika kipindi cha pili mhadhiri alimpa kila mwanafunzi flashi, akatuagiza tukokotoe alama yake kwa kanuni ya SHA-256, ambayo hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaobadilika chochote kikibadilika kwenye flashi, na tuiandike alama hiyo daftarini kwa kalamu. Kisha tuliichomeka flashi kwenye kompyuta ya kawaida yenye Windows, tukafungua waraka mmoja, tukausoma bila kubadilisha hata nukta, tukaufunga na kukokotoa upya. Hakuna aliyepata alama ya mwanzo, kwa sababu kompyuta yenyewe ilikuwa imeandika kumbukumbu zake ndogo ndogo kwenye flashi. Wakili wa mshtakiwa hahitaji zaidi ya hapo ili kuutilia shaka ushahidi mzima. Nilimkumbuka karani wetu aliyewahi kushukiwa kubadili salio za wanachama: niliwasha kompyuta yake na kupekua mafaili kwa saa nzima kabla ya polisi kuitwa, ilhali diski ilipaswa kutolewa, kuunganishwa kupitia kifaa kinachozuia kuandika, na kunakiliwa yote kabla faili lolote halijafunguliwa.

Ubora wa somo hilo ni kwamba lilifundishwa sambamba na sheria. Sheria ya Uganda ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa rekodi ya kielektroniki, iangalie jinsi ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyolindwa isibadilishwe. Kwa hiyo ile alama tuliyoiandika daftarini ina kazi mbele ya hakimu. Tulisoma pia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, pamoja na hukumu ya Januari 2023 ambamo Mahakama ya Katiba ilibatilisha kifungu cha 25 cha sheria hiyo, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 ndiyo iliyogusa ofisi yetu moja kwa moja, kwa kuwa inamtaka anayehifadhi taarifa za watu kutoa taarifa kwa mamlaka mara moja data hizo zinapovuja. Kabla ya hapo, SACCO yetu, yenye namba za simu na nakala za vitambulisho vya wanachama wote, haikuwa na utaratibu wowote wa kufanya hivyo, na sasa tunao.

Mihadhara ni ya Kiingereza, lakini kundi letu la kujisomea lilikuwa na watu wa Arua, Nairobi na Goma, na mambo mengi magumu yalieleweka pale tulipoyageuza kuwa Kiswahili. Mwenzetu wa Arua alitueleza usimbaji wa funguo mbili, yaani kuficha ujumbe kwa ufunguo mmoja na kuufumbua kwa mwingine, kwa mfano wa kufuli lililoachwa wazi sokoni: yeyote anaweza kulifungia sanduku, ila ufunguo wa kulifungua anao mwenye kufuli peke yake. Nimesoma kurasa nyingi kuhusu jambo hilo, na hakuna iliyonielewesha haraka kama mfano huo.

Dosari nazo ni nzito. Kompyuta za maabara zilikuwa na memori ya GB 4, ilhali zoezi la kawaida linahitaji mashine pepe mbili (kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta halisi) ziwe zikifanya kazi kwa wakati mmoja, moja ya Kali Linux, mfumo wenye zana za kujaribu usalama, inayoshambulia na nyingine inayoshambuliwa, kwa hiyo kompyuta zilikwama na wengi wetu tukalazimika kununua memori kwa ajili ya kompyuta mpakato zetu. Mara mbili umeme ulikatika wakati wa kunakili diski, kazi ya saa kadhaa ikaanza upya, kwa sababu chumba hicho hakikuwa na betri za akiba. Lililoniumiza zaidi ni tasnifu. Sura yangu ya tatu ilikaa kwa msimamizi miezi saba bila maoni yoyote, na kila niliyemuuliza ofisini alinituma kwa mwingine, huku ada ya kuendelea kusajiliwa ikidaiwa kila muhula.

Pamoja na hayo, ninampendekezea masomo haya mtu ambaye tayari anashughulikia mifumo ya benki, SACCO, hospitali au serikali, kwa kuwa atapeleka kazini Jumatatu alichosoma Ijumaa jioni. Anayetoka moja kwa moja shahada ya kwanza, bila kuwahi kusimamia hata seva moja, ningemshauri atangulize mwaka mmoja au miwili ya kazi. Kabla ya kulipa chochote, hakikisha Baraza la Taifa la Elimu ya Juu limeidhinisha programu yenyewe, maana kutambuliwa kwa chuo pekee hakutoshi. Omba kuingia maabara wakati wa kipindi na uangalie memori ya kompyuta moja. Kisha watafute wanafunzi wawili walio kwenye tasnifu uwaulize ni lini mara ya mwisho msimamizi aliwarudishia sura.